Tumbo Lijaalo Baada ya Chakula: Namna ya Kutafuta Asili Yake

Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya Isha, huwaona wazee wameketi barazani, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu. Akikaa pamoja nao kwa muda mfupi hakosi kumsikia mmoja wao akilalamika kwamba tumbo limemjaa. Chakula ni kile kile alichokizoea tangu utoto wake, wala hakula kupita kiasi, lakini kila alapo hujiona kama mtu aliyemeza mpira, hata kikoi humbidi kukilegeza. Papo hapo mashauri huanza kumiminika. Huyu humwambia atafune tangawizi. Yule humtajia mvuje. Wa tatu anavyo vidonge alivyouziwa dukani, navyo vilimfaa sana. Na wa nne husema kwamba mbaazi ndizo zenye lawama, heri aziache kabisa. Wote hao wamtakia heri mwenzao. Ila hapana hata mmoja amwulizaye: tumbo lako hujaa saa ngapi, baada ya kula nini, na tangu lini?

Msomaji afahamu kwanza kwamba kujaa kwa tumbo si jina la ugonjwa. Ni dalili tu, kama vile homa ilivyo dalili. Homa yaweza kuletwa na malaria, au mafua, au kidonda kilichooza, na kila moja lina dawa yake. Vivyo hivyo tumbo laweza kujaa kwa sababu nyingi, nyingine ndogo hata hazistahili kumwona mganga, na nyingine kubwa za kuhatarisha maisha. Atumiaye dawa kabla ya kujua asili ya jambo hubahatisha, na mara nyingi huipoteza fedha yake. Na mara chache, lakini mara hizo zipo, huupoteza wakati ambao ungemwokoa.

UPEPO HUTOKA WAPI

Upepo wa tumboni una milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni kinywa. Kila tumezapo chakula au mate humeza na hewa kidogo, na mtu alaye kwa haraka, au anywaye soda, au atafunaye ubani wa dukani kutwa, humeza hewa nyingi zaidi. Nyingi katika hewa hii hurudi juu kwa kucheua.

Mlango wa pili ni utumbo mpana, nao ndio mkubwa. Humo huishi bakteria wasiohesabika, na kukaa kwao humo ni jambo la kawaida na la faida. Chakula kilichoshindwa kusagwa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba huwafikia hao, nao hukila, na katika kukila hutoa hewa ya haidrojeni na ya kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu hewa ya methani. Sehemu ya haidrojeni hiyo huingia katika damu, hupita katika mapafu, na hutoka kwa pumzi. Katika hospitali zilizo na chombo cha kazi hiyo, mganga humnywesha mgonjwa sukari ya aina fulani kisha akaipima pumzi yake kwa muda wa saa kadhaa. Haidrojeni ikipanda, hujulikana kwamba sukari ile haikufyonzwa.

Kwa ajili hiyo saa ina maana kubwa. Mtu ajazwaye na matonge machache ya kwanza yafaa achunguzwe zaidi mfuko wa chakula wenyewe, au namna yake ya kula. Yule ambaye tumbo lake huanza kunguruma na kufura saa moja, mbili au zaidi baada ya kula, mara nyingi shida yake iko chini zaidi, katika chakula kilichowafikia bakteria.

Tena wako watu ambao upepo wao si mwingi kuliko wa wengine, bali utumbo wao huhisi upesi. Kiasi kile kile ambacho jirani hakijali, kwao ni maumivu. Watu hao hawasemi uwongo, wala si wadekaji. Mishipa ya fahamu ya utumbo wao ndiyo ilivyo, na huzidi kuwa mikali wakati wa mashaka na kukosa usingizi.

MFANO WA MZEE NA MKEWE

Ili mambo yaeleweke vema tutatumia mfano. Watu hawa ni wa kubuniwa tu, lakini hapana mtaa usiokuwa na mfano wao. Tuseme yuko mzee mmoja wa Kibokoni, karani wa zamani wa bandarini, ambaye kwa muda wa mwaka mzima tumbo lake limekuwa likijaa. Siku moja akaenda zahanati, na mkewe akafuatana naye, maana mzee ni msahaulifu.

“Shikamoo, mzee wangu,” alisema tabibu, binti wa miaka kama thelathini.

“Marahaba, mwanangu. Tumbo hili litaniua.”

“Hujaa saa ngapi?”

“Wakati wote.”

“Hata uamkapo alfajiri, kabla hujatia kitu kinywani?”

Mzee akafikiri kidogo. “La. Alfajiri liko shwari. Huanza baada ya chai ya asubuhi.”

Jibu hilo peke yake lilikuwa na thamani kuliko vidonge vyote alivyovinunua mwaka ule. Lakini tabibu hakukimbilia chai. Aliuliza kwanza juu ya dalili za hatari, na kila mtu mwenye tumbo la namna hii yafaa ajiulize vivyo hivyo. Je, umekonda bila ya kukusudia? Umeona damu katika choo, au choo cheusi kama lami? Watapika mara kwa mara? Chakula hukwama ukimezapo? Macho yamekuwa ya manjano? Una homa isiyokwisha, au jasho la usiku? Umewahi kupapasa uvimbe tumboni? Je, shida hii ni mpya, nawe umekwisha pita miaka hamsini? Mwenye kujibu ndiyo kwa lolote katika hayo asishughulike na habari za mbaazi. Na aende hospitali achunguzwe. Mzee alikuwa na umri, lakini uzito wake ulikuwa ule ule na mengine yote hakuwa nayo. Akachukuliwa damu kidogo ili ijulikane kama imepungua, na choo chake kikapelekwa kupimwa. Kisha ndipo yakafuata mazungumzo ya chakula.

Mzee alieleza kwamba asubuhi hula mahamri kwa mbaazi za nazi, na hunywa vikombe vitatu vikubwa vya chai iliyopikwa kwa maziwa matupu, yenye hiliki. Mchana ni wali na mchuzi wa samaki. Usiku hunywa bilauri ya maziwa kabla ya kulala, kwa kuwa mtu alimwambia kwamba maziwa hutuliza kiungulia.

MAZIWA NA UCHUNGUZI WA KAMPALA

Mtoto mchanga wa kila kabila huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kazi yake kuivunja sukari iliyomo katika maziwa ili ifyonzwe. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hiki hupungua baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Mtu mzima asiyekuwa nacho cha kutosha akinywa maziwa mengi, sukari ile huteremka nzima hadi utumbo mpana, nao bakteria hufanya karamu. Tumbo hujaa, hunguruma, na pengine huendesha.

Jambo hili lilichunguzwa mapema sana hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la utabibu la Lancet, la Uingereza, habari za uchunguzi walioufanya Uganda. Waliona kwamba wengi wa Waganda, ambao ni wakulima, walikuwa wamepungukiwa na laktasi ukubwani. Lakini miongoni mwa Watutsi na Wahima, watu wa ng'ombe tangu zamani, wengi walikuwa nayo. Miaka arobaini na mmoja baadaye, yaani mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wale wa Afrika ya Mashariki wawezao kunywa maziwa ukubwani wamepewa uwezo huo na mabadiliko ya urithi yaliyo mbali na yale ya Wazungu. Maana yake ni kwamba uwezo huo ulizuka kwetu wenyewe, katika jamii za wafugaji.

Basi mtu wa Mombasa asiyeelewana na maziwa si mgonjwa. Mwili wake umefuata njia ya watu wengi wa dunia. Wala haifai kukisia kwa kabila, hasa katika Mji wa Kale, ambako nyumba moja yaweza kuwa na damu ya Bara Hindi, ya Hadhramaut, ya Lamu na ya Nyika. Ndugu wawili wa mama mmoja waweza kutofautiana. Hakuna njia ila kujaribu.

Tena si lazima kuyahama maziwa kabisa. Bilauri ya mililita 250 ina sukari ya maziwa kadiri ya gramu 12, na wengi waliopungukiwa na laktasi huweza kiasi hicho wakinywa pamoja na chakula. Maziwa lala yana sukari kidogo zaidi, maana bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu yake. Samli karibu haina kabisa. Taabu ya mzee ilikuwa katika wingi: vikombe vitatu asubuhi, na bilauri nzima usiku.

DAFTARI LA SENTI CHACHE

Tabibu hakumwambia mzee kwamba maziwa ndiyo yenye makosa. Alimwambia anunue daftari la watoto wa shule, apige mistari, na kila siku aandike saa, alichokula na kunywa, hali ya tumbo, na kama amepata choo. Kwa wiki ya kwanza asibadili kitu chochote. Baada ya hapo, kwa wiki mbili, aache maziwa tu, anywe chai ya mkandaa, na vyakula vingine vyote viendelee kama desturi. Kisha ayarudie: asubuhi moja, kabla ya kula, anywe bilauri ya maziwa, na angoje.

Hapo pa kurudia ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Mtu huacha maziwa, na mbaazi, na mkate, na pilipili, vyote kwa siku moja. Tumbo likipoa hajui ni kipi kilichomletea nafuu, akaishi miaka akijinyima vitu vinne kwa kosa la kimoja. Au huacha kimoja, akapata nafuu, akaridhika, kumbe nafuu imekuja kwa sababu nyingine, mathalani mwanawe aliyekuwa akimtia wasiwasi amepata kazi. Chakula hakihukumiwi mpaka kirudishwe, na dalili zirudi pamoja nacho. Kikirudi bila ya taabu, kimeachiliwa huru.

Mzee alipofanya hivyo, daftari lilionyesha kwamba nusu ya taabu iliondoka na maziwa na kurudi nayo. Nusu ilibaki, na ilibaki siku za mbaazi.

Juu ya mbaazi, kunde, maharagwe na dengu, yafaa tuseme wazi kwamba hakuna binadamu asiyepata upepo kwazo. Zina sukari za namna ambayo mwili wa mtu hauna kimeng'enya cha kuivunja, awe mfugaji au mvuvi. Tofauti ni kiasi tu, na mapishi. Mbaazi zikirowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, na zikachemshwa kwa maji mapya, sehemu ya sukari hizo huondoka na maji. Bibi zetu walifanya hivyo bila ya kuelezwa sababu. Siku hizi haraka imetufundisha kuzichemsha katika maji yale yale waliyorowekea. Mwandishi wa habari hizi haoni haja ya mtu kuzifukuza mbaazi katika sinia yake, kwani ni chakula chenye nguvu na rahisi kwa bei. Azipunguze, azipike vema, na baada ya siku chache aongeze kidogo kidogo.

Walio na utumbo wenye kuhisi upesi hudhuriwa pia na vitunguu maji, vitunguu saumu, na unga wa ngano, ambao ndio wa mahamri na chapati; vitu hivyo vina sukari za mnyororo zisizofyonzwa. Maembe na matikiti yaliyoiva sana huwasumbua baadhi ya watu kwa wingi wa sukari ya matunda. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, wamekusanya vyakula vyote vya namna hii katika utaratibu mmoja. Mgonjwa huviacha kwa majuma mawili hadi sita, kisha hurudishiwa kimoja kimoja, vile vile kama maziwa ya mzee. Si utaratibu wa maisha, wala haufai kufuatwa bila ya mtu mwenye ujuzi wa lishe, maana ajinyimaye vyakula vingi kwa muda mrefu hudhoofika. Wali hauna lawama kubwa. Karibu wote hufyonzwa kabla ya kuwafikia bakteria. Nazi nzito na mafuta ya kukaangia ni habari nyingine. Hayaleti upepo, lakini huchelewesha mfuko wa chakula kujimwaga, na mtu hujiona amejaa kwa saa nyingi.

Hili huonekana sana katika mwezi wa Ramadhani. Mtu aliyefunga kutwa, akisikia adhana hula tende, akashushia kwa maji ya barafu, kisha viazi karai, bajia, sambusa, na uji, vyote katika muda wa robo saa, akiongea na kumeza hewa. Kisha hulaumu mbaazi za daku. Anayefungua kwa tende na maji kidogo, akaswali Magharibi, ndipo akarudi kula taratibu, hupata nafuu bila ya dawa.

Watafunaji wa miraa na mugokaa nao wana hesabu yao. Miraa huchelewesha chakula katika mfuko wake na hufunga choo. Na ule ubani wa kutafunwa pamoja nayo, na soda ya kuteremshia, huongeza hewa. Mtu mwenye choo kilichofunga siku tatu hawezi kukosa kujaa, ale asile.

Kuna na dawa zitumiwazo kwa maradhi mengine. Metformini, dawa ya ugonjwa wa sukari, huwajaza upepo baadhi ya wanaoimeza. Mwenye kuitumia asiiache kwa shauri lake mwenyewe; amwambie mganga wake, ambaye aweza kupunguza kiasi au kumpa ya namna nyingine.

MAJI YA KISIMA

Choo cha mzee kilipimwa kwa sababu ya maji. Maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, yalianza kufika Mombasa katika miaka ya 1950, lakini mji umekua na maji hayatoshi, na hata leo nyumba nyingi za kisiwani hutegemea visima, au mitungi iletwayo kwa mikokoteni. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe wenye vitundu vingi. Uchafu wa choo cha shimo huteremka humo upesi, na kisima cha jirani hakiko mbali.

Katika maji ya namna hiyo hupatikana kijidudu kiitwacho giadia. Mtu wa kwanza kukiona alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, ambaye mwaka 1681 alikitazama kwa kioo chake cha kukuza katika choo chake mwenyewe alipokuwa akiharisha. Giadia hukaa katika utumbo mwembamba na kuzuia chakula kisifyonzwe. Mgonjwa hujaa upepo wenye harufu mbaya, choo chake huwa laini na chenye mafuta, na huweza kukonda. Tena aweza kupoteza laktasi kwa muda, hata mtu aliyekunywa maziwa maisha yake yote aanze kudhurika nayo, akidhani ni uzee. Kijidudu hiki hakitoki katika kila choo, kwa hiyo yafaa kupima mara tatu katika siku mbalimbali kabla ya kusema hakipo. Dawa ya klorini kidogo itiwayo majini haitegemewi kukiua; kuchemsha maji hukiua.

VIPIMO VYA DUKANI

Siku hizi katika miji yetu mtu akisema tumbo limejaa, mara huambiwa ana bakteria wa vidonda vya tumbo, na huuziwa pakiti ya dawa. Bakteria huyo, Helikobakta, yupo kweli. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walimgundua mwaka 1982, na kwa kuwa wakuu wa utabibu hawakuwasadiki, mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao mwenyewe akaugua uvimbe wa tumbo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Lakini katika Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye bakteria huyu, na wengi wao hawaugui kamwe. Kumkuta kwa mtu aliyejaa upepo si ushahidi kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

Tena vipimo havilingani. Kile cha tone la damu huonyesha tu kwamba mtu amewahi kukutana na bakteria, pengine miaka kumi iliyopita. Cha kuaminika zaidi ni cha choo au cha pumzi, nacho hudanganya iwapo mtu amekuwa akitumia omeprazoli katika wiki mbili zilizopita, au antibiotiki katika wiki nne. Akionekana kweli, na mganga akaona inafaa kutibu, dawa ni za namna kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14 kamili. Mwenye kununua za siku tatu huwafundisha bakteria kuzizoea, nao hawatazisikia siku atakapozihitaji kwa dhati.

MAMA ALIYENYAMAZA

Mzee aliporudi baada ya majuma sita alikuwa amefurahi. Choo chake kilikuwa safi, damu yake ilikuwa sawa, maziwa ameyapunguza hadi kikombe kimoja, na mbaazi ni mara mbili kwa wiki. Alimpa tabibu daftari lake. Tabibu akalitazama, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa ameketi pembeni.

“Nawe, mama, chakula hiki mwala pamoja?”

“Mimi sili sana siku hizi, mwanangu. Matonge mawili matatu nimeshiba. Nami nina upepo kama wake, ila wangu hausemi.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa Mfungo Sita. Kanga hazinifungi vema.”

“Na alfajiri, mama, tumbo hushuka?”

“Halishuki.”

Nyumbani wote walikuwa wamesema ni upepo, maana upepo ulikuwa tayari nyumbani kwa mzee, na maradhi ya mume yalikuwa na kelele zaidi. Mama huyu alikuwa na miaka 58. Alipoulizwa alisema pia kwamba huenda haja ndogo mara nyingi, naye akadhani ni umri.

Tabibu akamlaza kitandani, akaugonga tumbo kwa vidole. Tumbo lenye upepo hulia kama ngoma. Lenye maji hutoa sauti ya kufa, kama gogo, na mgonjwa akigeuzwa ubavu sauti ile nayo huhama mahali, kwa kuwa maji hufuata upande wa chini. Maji tumboni huweza kuletwa na maradhi ya ini, au ya moyo, au ya figo, au kifua kikuu kilichoingia tumboni. Na kwa mwanamke huweza kuletwa na saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi. Saratani hiyo huitwa ya kimya, lakini haina ukimya kamili. Husema kwa tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya chini ya tumbo, na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na watu huyasikia hayo kama uzee au upepo. Katika mashauri yaliyotolewa kwa waganga wa Uingereza mwaka 2011 iliagizwa kwamba mwanamke, hasa aliyepita miaka 50, aonaye dalili hizo mara zaidi ya 12 kwa mwezi, apimwe damu kwa ajili ya saratani hiyo, na ikihitajika apigwe picha ya tumbo. Iliagizwa pia kwamba mwanamke wa umri huo asiambiwe upesi kuwa ana utumbo wenye kuhisi tu, kwa sababu hali hiyo si desturi yake kuanza uzeeni.

Sauti katika tumbo la mama ilikuwa ya gogo. Tabibu hakutaja saratani, kwa kuwa hakuwa na hakika, na picha yaweza kuonyesha jambo jingine lenye dawa nyepesi. Alimweleza mume na mke pamoja kwamba ndani mna maji, na kwamba yapasa kujua yametoka wapi, tena wiki hii hii. Akaandika barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, huko Makadara, kwa kipimo cha damu na picha ya mawimbi ya sauti, ambayo haiumi wala haina mionzi.

Mama akauliza kama afunge kula. Akaambiwa anywe maji mengi asubuhi ile na asiende haja ndogo mpaka amalize, kwa kuwa kibofu kilichojaa huviinua viungo vya ndani na picha huonekana vema.